Kabla Hujanunua Pampu, Pima Kimo

Mtu akinipigia simu kuhusu pampu, swali lake la kwanza huwa hosipawa. "Fundi, nichukue ya tano na nusu au ya saba?" Na mimi namuuliza: kutoka usawa wa maji hadi pale utakapoiweka mashine, kwenda juu, ni mita ngapi? Hapo simu inakuwa kimya. Urefu wa mpira anaujua, maana mpira unauzwa kwa mita. Bei ya petroli anaijua. Kimo hakijui, na kimo ndicho kitakachoamua kama nyanya zake zitapata maji au la.

Kazi yangu iko huku mwambaoni mwa Ziwa Victoria, Ilemela hadi Magu, kwa watu wanaolima nyanya, mchicha na vitunguu kwenye viwanja vinavyoanzia kwenye matete na kuishia katikati ya mawe makubwa ya Mwanza. Ninachoshauri hapa nimekipata kwenye kazi hiyo, ingawa naona kinamfaa hata anayefunga sola au anayejenga mnara wa tangi: tafuta kwanza kikomo ambacho hela haiwezi kukisogeza, ndipo uanze kuzungumza bei.

Tuanze na kunyonya. Tunasema pampu inavuta maji, lakini kazi yake kwenye ule mpira wa chini ni kutoa hewa tu. Hewa iliyobaki nje, inayoukandamiza uso wa ziwa, ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Ukinywa soda kwa mrija ni hivyohivyo. Kwa hiyo kinachoyafikisha maji kwenye mashine ni uzito wa hewa ya Mungu, na uzito huo hauongezeki kwa sababu umenunua injini kubwa.

Mafundi wa Italia walilijua hili zamani kwa uchungu: pampu zao za kunyonya ziligoma maji yakifika kama mita kumi, hata ziundwe vizuri vipi. Miaka ya 1640 mwanasayansi wa hukohuko, Evangelista Torricelli, akaligeuza swali. Badala ya maji akatumia zebaki, ambayo ni nzito mara 13.6 kuliko maji, na ikasimama kwenye mrija wa kioo kwa sentimita 76 hivi. Zidisha 0.76 kwa 13.6, unapata mita 10.3. Hicho ndicho kimo cha maji ambacho hewa ya usawa wa bahari inaweza kukibeba. Mwaka 1648 mwanasayansi Mfaransa, Blaise Pascal, akamtuma shemeji yake apande mlima Puy de Dôme, Ufaransa, na kifaa kama hicho. Huko juu zebaki ilishuka, kwa kuwa juu ya mlima hewa inayobaki kukandamiza ni kidogo.

Sasa rudi kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu inakandamiza pungufu kwa karibu asilimia 12 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam au Tanga. Ile mita 10.3 huku inakuwa kama 9. (Ndiyo maana pia maji ya Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na maharage yanachukua muda zaidi jikoni.) Toa tena msuguano ndani ya mpira, toa vali ya chini (futivalvu, ile inayozuia maji yasirudi ziwani), toa pampu yenyewe ambayo haiwezi kuondoa hewa yote, unabaki na mita 6, ukibahatika 7. Mimi huwa sipangi zaidi ya 5.

Ukisoma kwenye kibandiko cha pampu kwamba inanyonya mita 8, jua namba hiyo kwa kawaida imepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Huku ipunguze mita moja na ushee kabla hujaiamini. Muuzaji hatakwambia, na mara nyingi hata yeye hajui.

Kuna mama mmoja mwenye shamba la nyanya juu ya mwamba aliniita akiwa amekasirika kwelikweli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, nimeuziwa mashine mbovu. Nikanunua nyingine kubwa zaidi, nayo mbovu!"

Nikamwomba kijana wake aiwashe ile kubwa. Injini ikanguruma vizuri tu, haina kasoro. Lakini ukiangalia ule mpira wa kunyonyea pale ulipokatiza kati ya mawe mawili, ulikuwa umebonyea, umekuwa bapa kama mkanda, pande mbili zinagusana. Pampu ilikuwa inatoa hewa kama ilivyoagizwa. Maji yalipanda, yakafika mahali yakasimama, na hewa ya nje ikaanza kuukandamiza mpira wenyewe. Tukapima kutoka majini: mita 11. Hakuna pampu ya kunyonya dunia nzima inayoweza kimo hicho, iwe ya laki tatu au ya milioni tatu. Tukaishusha ile ndogo, ile ya kwanza aliyoiita mbovu, tukaiweka juu ya jiwe bapa karibu na maji, mpira mrefu ukawa wa kusukumia badala ya kunyonyea. Ilipojazwa maji na kuwashwa, yakafika shambani.

Kusukuma kuna sheria yake, ila ni ya upole zaidi. Kila mita 10 za kwenda juu zinataka karibu baa moja ya presha, na hiyo presha sasa inatoka kwenye injini, kwa hiyo hapa hosipawa ina maana. Watu wanachoumia nacho ni kibandiko. Pampu ndogo ya petroli ya inchi mbili inaweza kuandikwa mita 30 na lita 600 kwa dakika. Mnunuzi anasoma: itanipandishia lita 600 hadi mita 30. Hapana. Mita 30 ni pale ambapo maji yamefika juu ya mpira na hayatoki hata tone. Lita 600 ni pale ambapo maji hayapandi popote. Shamba lako liko mahali fulani katikati, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopata kidogo. Wenye kiwanda wana mchoro unaoonyesha kila kimo kinatoa lita ngapi. Uombe. Duka linalojali wateja litakutafutia hata kwenye simu.

Kupima kimo hakuhitaji mtaalamu. Simu yako itakupa namba ya mwinuko, usiiamini kwa kazi hii, inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ndiyo shida yenyewe. Chukua mpira mwembamba unaoona ndani, ule waashi wanaotumia kusawazisha msingi. Ujaze maji, toa mapovu yote. Mmoja asimame ukingoni, mwingine apande mteremko kidogo akiwa na ncha ya pili. Maji ya ncha zote mbili yatakaa usawa mmoja, hata katikati kuwe na jiwe au kichaka. Wa chini anapima kwa fito kutoka ardhini hadi usawa wa maji, wa juu vilevile, tofauti ya vipimo viwili ndiyo kimo cha hatua hiyo. Mnasogea, mnajumlisha. Kilima kizima mnamaliza kabla jua halijawa kali.

Halafu andika tarehe, kwa kuwa ziwa lenyewe halitulii. Mwaka 2006 lilishuka sana, gati zikabaki juu. 2020 likapanda hadi kumeza mashamba na nyumba za ufukweni. Kati ya hali hizo mbili kuna tofauti ya zaidi ya mita mbili. Aliyefunga pampu kwenye mita 6 kamili wakati ziwa limejaa ajue kwamba likishuka atakosa maji, na hakuna kilichoharibika.

Pampu ikikataa baada ya kufanya kazi vizuri muda mrefu, hilo ni jambo lingine, na hapo ndipo naona watu wanapoteza hela kwa haraka zao. Plagi mpya, oili mpya, futivalvu mpya, mpira mpya, vyote kwa siku moja. Ikiwaka ikavuta, hujui kilichokuponya, na mwezi ujao utanunua vyote tena. Badili kimoja, jaribu, kisha kingine. Na anza na jaribio linaloikata shida katikati. Fungua mpira wa kusukumia pale pale kwenye pampu, uwashe: maji yakimwagika kwa wingi, upande wa kunyonya ni mzima, tafuta tatizo kuelekea shambani. Yakitoka kwa kukohoa na mapovu, hewa inaingia chini, angalia vibano na mpasuko wa mpira. Yasipotoka kabisa, chungulia chujio kabla ya chochote. Kwa huku kwetu mara nyingi ni magugu maji.

Mteja naye msikilize, hata akisema jambo lisiloingia akilini. Kuna mzee aliyeniambia pampu yake inavuta asubuhi, inagoma saa nane mchana, jioni inavuta tena. Wenzangu walicheka. Tukaenda saa nane. Mpira wake ulikuwa mweusi, mwembamba, umelazwa juani juu ya jiwe, ukishika unaunguza. Ukipata joto unalainika, na ukilainika hewa ya nje inaubana. Tukaufunika kwa nyasi mchana huohuo, pampu ikavuta. Hapo tulibadili kitu kimoja tu, kwa hiyo tulijua ni nini.

Vicheko vya namna hiyo viliwahi kumpata Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, aliona maziwa ya aiskrimu yaliyowekwa kwenye friza yakiwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyokwisha kupoa. Akachekwa darasani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyetembelea shule yao. Osborne hakuamini, lakini alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana hilo linatokea lini na kwa nini. Mimi sina upande. Ninachompendea Osborne ni kwamba alijaribu kwanza.

Kuhusu sola, maana siku hizi kila anayepiga simu anaitaka, nitasema kwa kifupi. Kuinua lita 1 ya maji ni kuinua kilo 1. Lita 10,000 kwa mita 20 zinakula kama nusu uniti ya umeme kama hakuna kinachopotea. Pampu ndogo na mipira hupoteza sehemu kubwa, basi zidisha kwa tatu: uniti moja na nusu hivi. Paneli za jumla ya wati 400 zikipata jua zuri kwa muda wa saa nne au tano, zinafika. Anayekuuzia wati 2,000 kwa shamba la namna hiyo akueleze za nini. Anayekuuzia wati 100 naye akueleze. Na ukiamua kuweka tangi la lita 5,000 juu ya mnara, kumbuka umeweka tani 5 juu ya zile nguzo, mbali na tangi lenyewe. Nimeona minara ya mirunda ambayo nisingepita chini yake.

Ukishafunga, pima unachopata. Weka ndoo ya lita 20 mwisho wa mpira, kule juu shambani na siyo pale kwenye pampu, uhesabu kwa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 10 unapata lita 2 kwa sekunde, yaani 7,200 kwa saa. Andika kwa kalamu isiyofutika kwenye tangi la mafuta. Siku utakayoona inachukua sekunde 15, nenda kachungulie chujio kabla hujanipigia simu.