Pointi 140,000 za kadi: nichukue hela au nimkatie mama tiketi?

SWALI: Kaka, salaam. Naishi Maryland, na kwenye kadi yangu ya mkopo ya benki ya Chase, iitwayo Sapphire Preferred, nimefikisha pointi 140,000. Mwezi wa sita nataka kumleta mama kutoka Dar aje kumwona mjukuu. Bado hajajua kama atakaa miezi miwili au minne. Shemeji ananiambia nichukue hela taslimu. Mwenzangu kazini anasema nihamishie zote kwenye shirika la ndege leo leo. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, hongera ya mtoto. Shemeji yako hajapotoka sana. Mwenzako ndiye anayeweza kukutia hasara, kwa lile neno lake "leo leo".

Ukichukua hela Chase, kila pointi inakupa senti 1, yaani 140,000 zako ni dola 1,400. Hicho ndicho kiwango chako cha chini, usikubali kushuka hapo. Wengi hushuka bila kujua: ukilipia Amazon kwa pointi za Chase, kila moja huhesabiwa senti 0.8, na mzigo wako wote unakuwa dola 1,120. Dola 280 zimeyeyuka kwa kubonyeza kitufe.

Kupanda juu ya senti 1 ni kazi ya tiketi, lakini si kila tiketi. Chukua nauli ya pesa ya safari hiyo, toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia pointi, kisha gawanya kwa idadi ya pointi. Mfano: tiketi ya kwenda na kurudi ni dola 1,500, na kwa pointi wanataka 70,000 pamoja na tozo za dola 200. Dola 1,300 kwa pointi 70,000 ni karibu senti 1.86 kila moja. Hapo kata tiketi kwa pointi. Tiketi ileile msimu ukipoa ikauzwa dola 850, huku pointi wanazotaka hazijapungua, unapata senti 0.93. Hapo lipa pesa, pointi ziache zilale. Nauli ya kutumia katika hesabu ni ile ambayo kweli ungeilipa. Watu hujisifu kupata senti 6 kwa pointi kwa kukaa daraja la biashara, kiti ambacho wasingekinunua hata siku moja.

Kwa mama yako kuna jambo lenye uzito zaidi. Hajui atarudi lini. Kwa pesa, mashirika makubwa mara nyingi huuza tiketi ya kwenda tu kwa bei inayokaribia ya kwenda na kurudi, wakati mwingine hata kuipita. Kwa maili, yaani pointi za shirika la ndege ambazo pointi zako za Chase hugeuka ukizihamisha, kwenda tu huwa ni kama nusu. Hapo ndipo pointi zako zinapolipa kuliko popote, na mama hafungwi na tarehe. Ila afisa wa uhamiaji anaweza kumuuliza atarudi lini, kwa hiyo awe na jibu lililonyooka.

Kutoka Dar hadi Dulles, uwanja wa ndege wa Washington ulio jirani na Maryland, mtafutie njia ya kubadilisha ndege mara moja tu. Mama mtu mzima usimzungushe viwanja vitatu ili uokoe maili chache. Zipo tatu za kuangalia: Ethiopian kupitia Addis Ababa, unaikata kwa maili za United, shirika la Marekani linaloshirikiana nayo; KLM kupitia Amsterdam, kwa maili za Flying Blue, mpango wa KLM na Air France; na Qatar Airways kupitia Doha, kwa Avios, jina la maili za Qatar na British Airways. Chase huhamishia United, Flying Blue na British Airways pointi moja kwa maili moja, na Avios za British Airways unaweza kuzipeleka Qatar. Tazama tozo kabla ya kufurahia idadi ya maili. United haiongezi ile tozo ya mafuta, wakati tiketi za British Airways zenyewe kupitia London zinajulikana kwa tozo nzito. Mimi ningeanza na Ethiopian. Tiketi ya maili ya United ukiifuta kabla ndege haijaondoka, maili zinarudi bila faini.

Sasa hilo la "leo leo". Pointi zikishatoka Chase hazirudi. Ukizipeleka Flying Blue halafu ukakuta viti vya Juni vimekwisha au bei imepaa, umekwama na maili za shirika moja. Fungua akaunti United na Flying Blue, ni bure, tafuta kiti kwa tarehe zako, hakikisha unakiona, ndipo uhamishe kiasi kinachotakiwa. Hamishia kwenye akaunti yenye jina lako. Tiketi unaweza kumkatia mama.

Jingine hukuuliza, lakini nalisema kwa kila anayeniandikia: kama kadi hiyo ina deni la mwezi hadi mwezi, shika ushauri wa shemeji. Deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 22 linakula kama dola 55 kila mwezi, na manunuzi ya kawaida ya dola 3,000 yanakupa pointi 3,000, yaani dola 30, mara moja tu. Chukua hela, punguza deni.

Kama huna deni, hamisha za tiketi ya kuja peke yake. Zinazobaki ziache Chase hadi mama atakapotaja tarehe ya kurudi, kisha upige hesabu ileile upya.