Kabla ya Kuuliza Kamera, Uliza Kampuni Itaiacha Simu Hiyo Lini

Kila nikimsindikiza mtu dukani kununua simu, swali la kwanza huwa kamera, la pili huwa GB. Ni nadra kumsikia mnunuzi akiuliza simu hiyo itaendelea kupata masasisho, yaani matoleo mapya ya programu na marekebisho ya usalama, mpaka mwaka gani. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kuanza nalo. Muuzaji asipoweza kulijibu, akupe jina kamili la modeli ukalitafute mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Nimelishikilia jambo hili tangu yalipomkuta jirani yetu hapa Majengo. Anauza viazi karai na bajia jioni, na hesabu zake zote ziko kwenye simu. Kioo kizima, betri inakaa, chaji inaingia. Siku moja programu ya benki ikagoma kufunguka, inataka toleo jipya zaidi la Android. Tukaingia kwenye mipangilio kulitafuta, tukaambiwa simu iko sawa, hakuna sasisho lolote. Benki imesonga mbele, kampuni ya simu imemwacha nyuma, na yeye hana pa kwenda kulalamika. Ikambidi anunue simu nyingine wakati ile haina hata ufa. Mimi naliona hilo kuwa dhuluma, kwa sababu siku anainunua hakuna aliyemwambia kwamba ina mwisho.

Wenye iPhone nao yamewafika. Tangu Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye iOS, mfumo unaoendesha iPhone, iliyo chini ya toleo la 15.1, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus haziwezi kabisa kufika hapo. Hata hivyo bado utaziona zikiuzwa.

Kuna kampuni zilizoanza kuahidi kitu cha maana. Google ilipotoa Pixel 8 Oktoba 2023 ilitangaza miaka 7 ya masasisho, na Samsung ikafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S24 Januari 2024. Lakini sikiliza vizuri: miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni, si tangu siku uliyoinunua wewe. Ukinunua ex-UK, yaani simu iliyotumika Uingereza ikaletwa huku, iliyotoka miaka minne nyuma, unanunua kilichobaki tu. Na simu za bei ya chini, ambazo ndizo wengi wetu tunazimudu, mara nyingi hupewa miaka michache kuliko hiyo. Ukiwa dukani fungua mipangilio, nenda kwenye maelezo ya simu, tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Kwa simu iliyotumika, mwombe muuzaji aiunganishe na intaneti na atafute sasisho mbele yako. Kama tarehe ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma na hakuna jipya linalokuja, kampuni imeshaiacha.

Sasa nije kwenye jambo letu sisi wa Pwani, ambalo vitabu vya maelezo haviligusi. Hewa ya huku ina chumvi na unyevu, na simu inaivuta mchana na usiku. Fundi mmoja wa Mwembe Tayari aliwahi kunifungulia simu iliyokataa chaji. Aliipasha kioo joto mpaka gundi ikalegea, akakiinua kwa kipande chembamba cha plastiki, akatoa kile kibao kidogo cha chaji na kuniwekea chini ya lenzi yake. Kwenye vile vipini vya shaba kulikuwa na ukungu wa kijani, umejikusanya zaidi upande mmoja. Akanambia, "Dada, hii haikutumbukia popote. Hii ni chumvi na jasho, halafu ukaichaji ikiwa mbichi." Akachovya mswaki kwenye spiriti, akasugua taratibu, akapuliza, akarudisha. Chaji ikaingia.

Maneno yake ya mwisho ndiyo ninayowapa watu hadi leo. Unyevu peke yake hula shaba polepole, lakini unyevu ukikutana na umeme wa chaja, kutu huja mbio. Ukishuka kwenye feri ya Likoni umelowa, au umetoka jikoni kwenye mvuke, pangusa simu, itingishe tundu la chaji likiwa chini, iache ikauke penye upepo ndipo uichaji. Vua kava mara kwa mara, jasho hukaa humo. Na tafadhali usiitumbukize kwenye mchele. Apple wenyewe wanaonya kwamba chembe za mchele zinaweza kuharibu simu.

Chumvi hiyohiyo ndiyo inayotumiwa kutunyima waranti. Simu ya mpwa wangu, mpya kabisa, iliacha kupokea chaji ndani ya muda wa waranti. Kule kwenye kituo cha huduma akajibiwa kwa neno moja: imeingia maji, waranti imekufa. Nilikwenda naye mara ya pili. Simu nyingi zina kibandiko kidogo cheupe ndani, mara nyingi kwenye tundu la laini, ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Nikawaomba watoe kile kisahani cha laini mbele yetu, wamulike tochi. Kijana alisitasita, akaenda kumwita mkubwa wake, wakamulika. Kibandiko kilikuwa cheupe pee. Simu ikapokewa, ikatengenezwa bila malipo. Sikupaza sauti wala sikutukana mtu. Niliomba kuonyeshwa, basi. Ukiambiwa maji, omba uonyeshwe hayo maji, na uombe jibu lao kwa maandishi.

Sheria iko upande wako kuliko wanavyokuambia dukani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupata habari anazohitaji ili azitumie vyema. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 nayo inamfunga muuzaji kwamba alichokuuzia kina ubora unaofaa, kwa hivyo kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" si neno la mwisho. Mambo yakikwama kabisa kuna Mahakama ya Madai Madogo, na Mombasa inayo: madai hadi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60.

Ila bila risiti utahangaika. Risiti nyingi siku hizi huchapwa kwenye karatasi ya joto isiyotumia wino, na kwa jua letu hufifia ikabaki karatasi tupu kabla waranti haijaisha. Ipige picha palepale dukani, pamoja na boksi na namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yako, inayotokea ukibonyeza *#06#. Hakikisha namba hiyo imeandikwa kwenye risiti. Ukilalamika kwa simu na kuzungushwa bonyeza moja, bonyeza mbili, kata, uandike barua pepe na udai namba ya malalamiko.

Kuhusu betri, nina hasira ya muda mrefu. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Wangapi walinunua simu mpya wakati walihitaji betri tu? Tangu iPhone XS na XR za 2018, fundi wa mtaani akikuwekea betri nyingine, simu huweza kukutolea ujumbe kwamba haiwezi kuithibitisha. Wateja huogopa, humlaumu fundi bure. Ujumbe huo peke yake hausemi kwamba betri ni mbovu.

Na wasituambie haiwezekani kufanya vizuri zaidi. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya lazima betri yake ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800, na vipuri vipatikane miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa huko. Kampuni ni zilezile zinazotuuzia sisi. Nataka wabunge wetu walisome hilo na walilete huku.

Kwa wale wa lipa mdogo mdogo, wanaonunua simu kwa awamu, nina neno moja. Simu hizo huwa na kufuli ndani, ukichelewa malipo inajifunga. Ukimaliza awamu ya mwisho, usitosheke na ujumbe wa pongezi. Rudi dukani, kufuli liondolewe ukiona, na upewe karatasi inayosema deni limekwisha, yenye IMEI yako. Ukija kumuuzia mtu simu hiyo, mpe na karatasi yenyewe.