Maswali ya wasomaji: kupandisha juu ekzosi ya trekta dogo

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina trekta dogo la dizeli la silinda tatu, mtumba kutoka Japani. Ekzosi inapita chini ya injini na kutokea karibu na gurudumu la mbele la kulia. Nikilima majaruba, mdomo wa bomba unazama kwenye tope. Nikihamia shamba kavu unapulizia majani. Nataka bomba lipande pembeni ya boneti. Fundi wangu anataka kutumia bomba la maji la inchi moja na nusu na kona tatu, zile za kusokota. Trekta nimeliwekea pia paa la bati. Mnasemaje?
Mkulima wa mpunga, Misungwi

JIBU: Lipandishe. Injini ikizima ghafla huku mdomo wa bomba uko ndani ya maji, maji yanapata njia ya kupanda kuelekea kwenye valvu, na hasara yake inazidi gharama yote ya kazi hii. Tunachokikataa ni vifaa vya fundi wako.

Bomba la maji limepakwa zinki. Likichomelewa hutoa moshi mweupe ambao humwachia fundi homa na maumivu ya mwili jioni ile ile. Karibu na manifoldi, yaani kipande cha injini kinachokusanya moshi wa silinda zote, ambako joto hupita nyuzi 400 injini ikivuta jembe kwa nguvu, zinki yenyewe huyeyuka na kubanduka. Tafuta bomba jeusi lenye unene wa milimita 1.5 hadi 2. Kipande cha ekzosi ya gari kutoka kwa wauza skrepa kinafaa pia, ilimradi ukigonge kwa nyundo kwanza: kikitoa sauti ya kufa, au kikidondosha magamba ya kutu, kirudishe.

Halafu zile kona. Kona kali ya nyuzi 90 huzuia gesi karibu sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa mara 30 ya kipenyo chake. Kwa bomba la milimita 42 ndani, kila kona ni kama umeongeza mita moja na robo. Kona tatu zinakaribia mita nne, kwenye trekta ambalo bomba lake zima halifiki mita mbili. Injini inayoshindwa kutoa moshi wote hushindwa pia kuvuta hewa mpya, kwa hiyo nguvu hupungua, joto hupanda na moshi huwa mweusi. Tumia mikunjo miwili tu, na nusu kipenyo ya kila mkunjo iwe angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba. Kama hakuna mashine ya kukunja, unganisha vipande vya nyuzi 45 viwili viwili. Wala kipenyo cha ndani kisipungue popote kuliko tundu la manifoldi.

Flenji, yaani bamba la kufungia bomba kwenye manifoldi kwa bolti, ikatwe kwenye bamba la milimita 8 au 10. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: joto la kuchomelea huipinda, halafu fundi hukaza nati kwa nguvu ili kuziba mwanya, na sikio la manifoldi, ambalo ni chuma cha kumwaga, hupasuka. Ifunge flenji kwa bolti kwenye bamba nene kabla ya kuchomelea, iache ipoe hapo hapo, kisha iweke juu ya kioo cha dirisha. Ikicheza, ipige tupa hadi itulie. Rodi za milimita 2.5 zinatosha, kwa bomba jembamba la milimita 1.5 shuka hadi rodi za milimita 2, la sivyo litatoboka.

Chomelea bomba likiwa chini, nje ya trekta. Ukilazimika kushika nukta chache likiwa juu, toa waya zote mbili za betri na ubane klampu ya ethi karibu kabisa na mahali unapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi wala kuua altaneta.

Uzito wa bomba na sailensa usiachiwe manifoldi. Weka breketi mbili, moja karibu na mkunjo wa kwanza na nyingine chini ya sailensa, zote zikishikwa na injini au nyumba ya klachi. Ukishika upande mmoja kwenye injini na mwingine kwenye boneti au paa, mtikisiko utalikata bomba kwenye kiungo. Na chuma kile kinachomlinda dereva trekta likipinduka usikitoboe wala kukichomelea kitu. Hupoteza nguvu pale pale kwenye joto.

Mpira wa dizeli, tangi na waya vikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye bomba. Dizeli inayodondokea chuma chenye joto la nyuzi zaidi ya 200 inaweza kuwaka bila cheche yoyote. Nafasi isipopatikana, weka bati la kukinga joto lililoachana na bomba kwa sentimita 2, hewa ipite katikati. Kulizungushia bomba kamba ya kuzuia joto hatupendi: kwenye majaruba hunywa maji, na bomba huoza ndani yake bila wewe kuona.

Kuhusu paa, mdomo wa bomba ulipite kwa sentimita 30 hivi. Ukiishia chini yake, moshi hujikusanya kichwani kwa dereva, na moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na shirika la utafiti wa saratani la WHO katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Mdomo usielekee chujio la hewa pia.

SWALI: Tulihamisha ekzosi wiki iliyopita. Sasa trekta linatoa moshi mweusi na limepoteza nguvu. Bomba ni pana kuliko la zamani. Tatizo nini?
Magu

JIBU: Fungua flenji kwanza. Mara nyingi tunakuta gasketi iliyokatwa kwa mkono, tundu lake likiwa dogo kuliko la manifoldi, au kitambaa kilichozibia tundu wakati wa kazi kikasahaulika. Kisha tazama chujio la hewa. Trekta linalolala karibu na ufukwe hukusanya wadudu wa ziwani, wale wanaotembea kwa wingu, na huenda ekzosi inasingiziwa bure.

Ukitaka uhakika, pima. Chomelea nati ya M10 kwenye sehemu iliyonyooka baada ya manifoldi, toboa bomba ndani yake kwa milimita 4, na ufunge hapo kibomba cha shaba cha nusu mita kipoze gesi. Kiunge na mpira mweupe unaoonyesha ndani, uliokunjwa umbo la U, kila mguu mita moja na nusu, na maji yafike katikati. Ongeza mwendo wa injini hadi mwisho na upime tofauti ya urefu wa maji: sentimita 10 ni sawa na kilopaskali 1. Rudia bomba likiwa limefunguliwa kuanzia mbele ya tundu la kupimia, ili ujue linaongeza kiasi gani. Kiwango cha mwisho kiko kwenye kitabu cha injini. Kumbuka kipimo cha bila mzigo hutoka kidogo kuliko cha shambani, kwa kuwa gesi haijapata joto, kwa hiyo sentimita 60 bila mzigo tayari ni habari mbaya. Ukimaliza, ziba nati kwa bolti.

SWALI: Bomba la juu linaingiza mvua. Kopo linatosha?
Ukerewe

JIBU: Kopo hufaa hadi siku litakaposahaulika. Weka kifuniko cha bawaba kinachoinuliwa na gesi, au kata mdomo na uupinde kuelekea upande usio wa dereva. Toboa pia tundu la milimita 3 mahali pa chini kabisa pa bomba.

Kama mvua imeshaingia, usipige stata. Maji hayakandamiziki, konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni, ndiyo itakayopinda. Toa injekta (vipuliza dizeli), zungusha injini kwa spana kwenye puli ya mbele hadi maji yatoke yote, halafu chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage na kubadilisha chujio lake kabla ya kuwasha, na uibadilishe tena baada ya saa chache za kazi.