Binti yangu anauliza treni inakataje kona

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni kitabu gani cha watoto unachotamani kukiona dukani kwa Kiswahili na bado hujakipata? Jibu langu liko tayari siku nyingi. Nataka kitabu cha vyombo vya usafiri, cha mtoto wa miaka saba hadi kumi na mbili, kinachoeleza chombo kinavyofanya kazi.

Vya kutaja majina nimeviona: hili ni basi, hii ni meli, ile ni ndege, picha moja kila ukurasa. Mtoto wa miaka mitatu anavifurahia, na vinamfaa. Ila akifika darasa la pili majina yote anayajua, na maswali yake yamehama. Binti yangu aligundua kwamba treni haina usukani, akaniuliza, "Baba, sasa inakataje kona?" Niliuliza watu wazima wenzangu. Wengi walijibu kwamba gurudumu lina ukingo unaolizuia lisitoke relini. Ni kweli ukingo upo, lakini hiyo ni kinga ya mwisho. Kazi kubwa inafanywa na umbo la gurudumu lenyewe.

Hapa ndipo ningependa mwandishi asiwe na haraka, ampe mtoto kurasa nne nzima. Magurudumu mawili ya treni yamekazwa kwenye ekseli moja, yanazunguka pamoja. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Gari linalimaliza tatizo hilo kwa difu, ambayo inaliruhusu kila gurudumu kwenda kwa mwendo wake. Ekseli ya treni haina difu. Badala yake gurudumu limechongwa mshazari: upande wa ndani, karibu na ukingo, ni nene, na linapungua kidogo kuelekea nje. Treni ikiingia kwenye kona, ekseli inasogea kidogo upande wa nje. Gurudumu la nje linakanyaga kwa sehemu yake nene, la ndani kwa sehemu yake nyembamba, na kila mzunguko mmoja wa nje unakwenda mbali zaidi. Ekseli inajigeuza yenyewe.

Mtoto anaweza kulithibitisha hilo nyumbani. Achukue vikombe viwili vya plastiki, avigundishe mdomo kwa mdomo, aviviringishe juu ya fito mbili zilizolazwa sambamba na kuinuliwa kidogo upande mmoja. Vikianza kwenda pembeni vitajirudisha katikati. Kisha avigundishe kitako kwa kitako ajaribu tena: vitaanguka. Kitabu kikiwa na jaribio la namna hii, mtoto hahitaji kuniamini mimi wala mwandishi.

Sisi wa Morogoro tuna sababu ya ziada ya kukidai kitabu hiki. Mkoa wetu unapitiwa na reli za aina tatu, kila moja na upana wake. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Morogoro 1907, ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975, inapita kusini mwa mkoa kupitia Ifakara na Mlimba. Hiyo ina milimita 1,067, ili mabehewa yaingie moja kwa moja kwenye reli za Zambia na nchi za kusini zaidi. Kisha imekuja SGR, reli mpya ya kisasa, yenye milimita 1,435, upana uliotokana na reli za George Stephenson kule Uingereza karibu karne mbili zilizopita. Kati ya mbili za kwanza tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja changu, lakini behewa la kawaida la Reli ya Kati haliwezi kupita juu ya TAZARA. Pale Kidatu, njia hizo mbili zinapokutana, mzigo huhitaji kuhamishwa kutoka behewa hili kwenda lile. Mtoto apewe rula, azichore tatu hizo kwa kipimo, aone jinsi uamuzi wa wahandisi waliokwisha kufa unavyoendelea kuwapangia watu kazi hadi leo.

SGR ina mengine. Treni ya abiria ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, watoto walishangilia mwendo wake wa kilomita 160 kwa saa, na mimi nilishangilia nao. Lakini waelezwe pia kwamba kichwa cha treni hii hakibebi mafuta: kinavuta umeme wa volti 25,000 kutoka kwenye waya kwa mkono ulio juu ya paa. Tena waya huo haukunyooshwa katikati ya njia, umepindwapindwa kushoto na kulia ili usiukwangue mkono mahali pamoja. SGR ya Kenya, iliyoanza 2017, inavutwa na vichwa vya dizeli, na humo injini ya dizeli inazalisha umeme unaozungusha mota za magurudumu. Treni mbili zenye upana mmoja wa reli, na umeme wao unatoka mahali tofauti kabisa. Mchoraji mzuri angezipasua zote mbili ubavuni tukaona ndani.

Na MV Liemba? Meli kubwa ya chuma ilifikaje Ziwa Tanganyika, katikati ya bara? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye masanduku 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kupaka injini grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Sijui mtoto atakayelala kabla ya kufika mwisho wa habari hiyo.

Pikipiki ipewe ukurasa mmoja: pistoni inapanda na kushuka mara mbili, petroli inawaka mara moja. Inatosha.

Nina maombi mawili kwa wachapishaji. Msichore macho na tabasamu kwenye kichwa cha treni. Mtoto wa miaka minane anataka kuona breki ziko wapi. Na kabla ya kupeleka kiwandani, mpeni mswada fundi wa karakana ya reli ausome, tena mumlipe. Mwalimu wa Kiswahili atasahihisha sentensi, lakini fundi ndiye atakayeona kwamba mchoraji ameweka upande mnene wa gurudumu nje.

Kikitoka nitanunua nakala tatu: moja ya nyumbani, moja ya maktaba ya shule ya binti yangu, na moja ya mjomba wake mwenye gereji, maana maswali ya pikipiki tumeshakubaliana yapelekwe kwake.