Kuruka majivu, kukanyaga moto: methali niliyoielewa nikiwa mgonjwa

Tangu utotoni nimesikia watu wakisema: fulani karuka majivu, kakanyaga moto. Nilidhani naielewa. Kwangu ilikuwa habari ya bahati mbaya: mtu kakimbia tatizo dogo, kaangukia kubwa, basi pole yake. Ilinichukua karibu mwaka mzima wa kuumwa kichwa kutambua kwamba methali hii haizungumzii bahati hata kidogo. Inazungumzia kule kuruka.

Litazame jiko. Majivu na moto havikai mbalimbali. Majivu yako ukingoni, moto uko hatua moja mbele. Anayekwenda taratibu huviona vyote viwili. Anayeruka, macho yake yako kwenye kile anachokikimbia, na mguu ukishanyanyuka hauchagui tena pa kutua. Wala simdharau anayeyaogopa majivu. Watu hufukia makaa majivuni usiku ili moto usizimike hadi asubuhi, kwa hiyo hofu yake ina asili. Lakini mara nyingi majivu huchafua mguu tu.

Kuna methali nyingine watu huichanganya na hii: mchimba kisima huingia mwenyewe. Yule alikusudia kumdhuru mwenzake, na kilichompata kinamstahili. Huyu wetu hakumkusudia mtu ubaya. Alikuwa anajiokoa, au anamwokoa mwingine, na ndiyo maana msiba wake unauma zaidi.

Mimi majivu yangu yalikuwa kipandauso. Kilikuwa kikinijia mara mbili tatu kwa mwezi, kikali, lakini kilikuwa na mwisho wake. Kilichonishinda ni hofu ya kukingoja. Nikaanza kumeza vidonge vya maumivu kabla kichwa hakijauma: asubuhi nikiwa na kikao, jioni nikihisi shingo imekaza, safarini kwa tahadhari. Nilijiona mtu makini anayejitunza. Baada ya miezi kadhaa nikawa naamka na kichwa kizito kila siku, na kila siku nameza. Kadiri nilivyomeza ndivyo kilivyouma, na kadiri kilivyouma ndivyo nilivyomeza.

Daktari aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Hakutaka kujua namna kinavyouma. Aliuliza: ndani ya mwezi mmoja, ni siku ngapi unameza dawa? Sikujua. Akanituma nikaandike kwenye kalenda, na niliporudi zilikuwa siku 22.

Ndipo akanieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye kipandauso alisikie mapema. Kwa mtu ambaye tayari ana tatizo la kichwa, dawa za kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zinaweza zenyewe kuzaa maumivu ya kichwa. Kwa dawa zenye kodeini (dawa kali ya maumivu), zile zinazochanganya dawa zaidi ya moja katika kidonge kimoja, na triptani ambazo ni mahususi kwa kipandauso, kikomo ni siku 10. Kinachohesabiwa hapo ni siku zenyewe, hata kama kila siku umemeza kidonge kimoja tu.

Kurudi nyuma hakukuwa rahisi, na hapa ndipo methali iliponifunulia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: ukishakanyaga moto, njia ya kutoka inapita kwenye majivu yaleyale uliyoyaruka. Nilipoacha dawa kwa usimamizi wa daktari, kichwa kiliuma zaidi kuliko mwanzo kwa siku kumi hivi. Nililia. Kisha kikaanza kulegea, na baada ya wiki kadhaa nikarudi kwenye kipandauso changu cha zamani, cha mara mbili tatu kwa mwezi. Nilikipokea karibu kwa shukrani. (Kama wewe unatumia dawa kali, usiziache ghafla peke yako, muone daktari kwanza.)

Tangu hapo naiona miruko hii kila mahali. Aliyekosa usingizi jana leo anapanda kitandani mapema kwa muda wa saa mbili ili afidie, anagaagaa macho makavu, na kitanda chenyewe kinageuka mahali pa kukeshea. Wataalamu wa usingizi humshauri kinyume chake, apunguze muda wa kulala kitandani. Hata wasomi huruka. Mwaka 1935 Australia ilileta vyura wakubwa kutoka Hawaii ili wawale mbawakawa waliokuwa wakiharibu miwa. Mbawakawa waliokomaa walikaa juu ya miwa, funza wao chini ya udongo, vyura wasiwafikie. Vyura wakazaana, wakaenea, na sumu yao ikaua wanyama waliojaribu kuwala.

Katika familia nako nimeruka. Ndugu zangu wawili walinuniana, kaka mkubwa na mdogo wetu wa mwisho, kwa jambo ambalo wiki mbili zingelimaliza. Sikuweza kuuvumilia ukimya ule. Nikajifanya daraja: nachukua neno la huyu, nalilainisha, nampelekea yule, nachukua la yule, napunguza makali, narudisha. Siku walipokutana wakalinganisha walichoambiwa, kila mmoja akaona mwenzake kigeugeu, na mimi mwongo. Wiki mbili zikawa miaka miwili.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijanyanyua mguu najiuliza: hiki ninachokikimbia kitaniunguza, au kitanichafua tu? Kama ni kuchafua, nasimama papo hapo mpaka nione pa kukanyaga. Na kama ni jambo la kujirudia, naliandika kwa siku na tarehe, kwa sababu hofu haijui kuhesabu.

Juzi kaka alinipigia akitaka nimfikishie mdogo wetu ujumbe. Maneno ya kulainisha yalikuwa yameshanijia mdomoni. Nikamwambia, "Kaka, mpigie mwenyewe." Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniomba namba yake.