Farasi anayevuta nyuma akifungwa

Ndugu, umesema farasi wako hapo Karen, Nairobi, hutulia hadi pikipiki ipite, kisha anajitupa nyuma hadi hatamu ikatike. Kwanza acha kumfunga kwa fundo. Akihisi kichwa kimebanwa, silika yake ni kuvuta, na kila anapokata kamba anajifunza kwamba kuvuta kunalipa.

Anzia na kichwa. Shika kamba chini ya kidevu, vuta chini polepole bila kutikisa. Akiinamisha hata sentimita mbili, legeza papo hapo. Kulegeza ndiko kunakomfundisha, si kuvuta. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

Akishaelewa, pitisha kamba ndefu, mita sita hivi, kwenye nguzo mara moja, nawe ushike ncha. Akirudi nyuma, iache iteleze kwa ukinzani kidogo, kisha umrudishe. Vaa glavu, na usijizungushie kamba mkononi hata siku moja! Simama kando ya bega, kamwe si kati yake na nguzo.

Kufunga kwenyewe kuje mwisho: kimo cha mabega yake au juu zaidi, kamba fupi asiweze kupitisha mguu, fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, lifungwe kwenye kitanzi cha uzi mwembamba wa katani utakaokatika akipagawa. Saisi (watunza farasi) wengi hufunga kwenye ubao wa ua. Ubao huo uking'oka, atakimbia nao ukimpiga miguu.

Kama tabia imeanza ghafla, mwite daktari wa mifugo akague shingo na meno.