Allion yenye 1ZZ-FE inakula oili: fungua tapeti kava kabla ya kuweka flashi

Mkuu, umesema Allion yako ya 2003 (injini ya 1ZZ-FE) inakula kama nusu lita ya oili kila km 1,000, na fundi anataka kuiosha injini kwa dizeli. Mwambie aache. Dizeli inaifanya oili kuwa nyepesi mno kwa beringi za krenki, na kiasi chake hubaki ndani hata ukishamwaga.

Ugonjwa wa 1ZZ za mwanzo unajulikana. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba kwa masizi, kisha ringi ya oili, ile ya chini, inaganda kwenye mfereji wake na haifuti tena ukuta wa silinda. Usishangae ukipima kompresheni ukaikuta nzuri. Hiyo inazibwa na ringi mbili za juu.

Anza na valvu ya PCV, ile inayopitisha hewa chafu ya ndani ya injini irudi kuchomwa. Ichomoe uitikise. Isipogonga ndani imeganda, weka mpya. Ni kitu cha bei ndogo, ila wengi wanakiruka na kukimbilia ovaholi. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi tu wakati wa kuwasha kisha ukapotea, shuku sili za valvu; hapo hakuna kopo la kusafishia litakalosaidia.

Sasa fungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya valvu. Kuchungulia kwenye tundu la kujazia oili hakutoshi. Ukikuta chuma kimepakwa rangi ya kahawia tu, flashi ya dukani (dawa ya kuosha ndani ya injini) inafaa: injini iwe ya moto, mimina kopo kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, iache ingurume yenyewe (sailensa) dakika 10 hadi 15 bila kukanyaga mafuta wala kuendesha, mwaga ikiwa bado moto, badilisha filta, jaza lita 3.7 za oili ya 5W-30. Ukikuta tope jeusi nene, usiweke flashi kabisa. Vipande vitabanduka kwa mkupuo na kuziba stereina (chujio) ya pampu ya oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, taa nyekundu ya oili itawaka, na ukilazimisha kuendesha injini itanoki. Tope hilo litolewe polepole: oili nzuri, filta mpya, unamwaga kila km 1,500 au 2,000, mara tatu au nne.

Kwa ringi zilizoganda, dawa inayofika penyewe ni ya kuloweka. Gari liwe sehemu tambarare, injini vuguvugu. Toa koili na plagi, zungusha krenki kwa spana, huku umepitisha kijiti kirefu cha plastiki kwenye tundu za plagi, mpaka pistoni zote nne zilingane katikati. Mimina ml 40 hadi 50 za dawa kila silinda, acha usiku kucha. Asubuhi chomoa soketi za injekta, funika matundu kwa kitambaa, piga starta sekunde chache mara kadhaa. Hatua hii usiiruke: kimiminika hakibanwi, ukirudisha plagi silinda ikiwa na dawa unapinda konrodi. Mwaga oili, badilisha filta na ujaze oili mpya kabla ya kuwasha, maana dawa imeshachuruzika hadi sampu. Washa nje, moshi utakuwa mwingi.

Gia boksi usiichanganyie chochote. Ya Allion hiyo inatumia fluidi ya Toyota ya T-IV. Mwaga inayotoka, jaza kiasi kilekile. Fluidi ya breki ndiyo kabisa: tone la dawa yoyote ya asili ya petroli linavimbisha mipira ya masta silinda.

Pima matokeo ipasavyo: asubuhi injini ikiwa baridi, gari mahali palepale, andika kiwango cha kwenye kijiti cha kupimia oili, rudia baada ya km 1,000. Oili inayoliwa ikipungua hadi nusu ya zamani, loweka mara ya pili. Isipobadilika kabisa na PCV ni mpya, acha kununua makopo. Tafuta pistoni za toleo jipya zenye matundu makubwa, ringi mpya na gasketi ya hedi, na silinda zipimwe kabla hujalipia chochote.